Sufuria Ilikuwa ya Rebeka

Muhonja,

Umetoka sasa hivi kwa mlango wa nyuma, miguu mitupu, umebana bobini ya uzi kwapani kama mtu aliyeiba yai. Nimekuuliza unaipeleka wapi. Hukugeuka. Umesema tu, "Senje ataweza kuitengeneza," na kitambaa chako chekundu kikapita kwenye pengo la ua, na sasa uko kwa Rebeka, huyo shangazi yako wa jirani unayemwita Senje, na mimi nimebaki hapa na kuku aliyenyonyolewa nusu na sweta yenye mkono mmoja na nusu.

Mtoto huyu. Ulikuwa na mwaka mzima, ukachagua leo.

Nimetoka nikufuate. Nimefika kwenye pengo, nikasimama hapo kama ng'ombe aliyeona kamba, kisha nikarudi. Sijapita pengo hilo miaka miwili. Wewe unajua, kwa sababu umeniuliza mara nyingi kwa nini, na kila mara nimekupa jibu lingine. Mara nilisema Rebeka ana kazi nyingi. Mara nilisema mbwa wake ni mkali. Mbwa mwenyewe alikufa zamani. Sasa unaenda kuketi jikoni kwake, na yeye ndiye mtu wa pekee anayeweza kujua jibu. Kwa hiyo nimechana karatasi za katikati za daftari lako la hesabu, zile ambazo hukuandika kitu, ili uyasome haya kwa mkono wangu hata kama utakuwa umeyasikia kwa mdomo wake. Mwandiko ni wa darasa la nne, utauvumilia. Nikimaliza nitazikunja niziweke chini ya blanketi kwenye sanduku lako la shule, uzisome ukishafika.

Mambo ya sabuni na mafuta na kufua soksi sitayaandika. Shule imekwisha kuandika karatasi nzima, na mwalimu aliyeiandika naona ni mtu anayependa sana soksi. Baba yako naye atakuandikia mwenyewe kutoka Kericho. Yangu ni haya.

Kwanza nimalize hasira, maana ikikaa inachacha.

Nilikutuma maji. Nilikwambia nikimaliza kuku nitaketi kwenye gurudumu nisokote yale manyoya ya mwisho, halafu niunganishe nyuzi mbili ziwe uzi mmoja wa kufumia, halafu nifume kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono, na asubuhi basi likiondoka uwe umevaa kitu kizima kama watoto wengine. Narudi ndani kuchukua kisu, nakukuta umekaa kwenye kiti changu, unakanyaga, unatabasamu, na kikapu cha manyoya ni kitupu. "Mama, nimekumalizia." Kweli umenimaliza.

Uzi wenyewe ulikuwa mzuri, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Mwembamba, sawasawa, mzuri kuliko wangu wote wa mwaka wa kwanza. Lakini umezungusha kushoto. Bobini yangu nimezungusha kulia, kama ninavyozungushanga zote, kama nilivyokuonyesha mara ngapi sijui. Gurudumu halina adabu. Usipolianzisha kwa mkono linaenda linakotaka, na wewe umelifuata kama mkia. Sasa uzi wa kulia na uzi wa kushoto haziwezi kukaa nyumba moja. Ukizikutanisha, mmoja unafunguka mpaka unarudi kuwa manyoya, na mwingine unajikunja kama mnyoo. Na manyoya mengine hakuna, Muhonja. Kijivu kile hakiko dukani. Nilikipata kwa kuchanganya kondoo mweupe na kondoo mweusi wa Likuyani, nikiyachana manyoya yao pamoja kwenye vile vibao vya meno ya waya kila jioni mpaka vidole vikatoka damu, mpaka rangi ikalingana na ile ambayo shule iliitaka. Wewe ulikuwa unaketi pembeni ukisoma kwa sauti habari za mito ya Afrika. Uliniona.

Ndipo nikasema lile neno. "Kila unachogusa unaharibu." Nikauona uso wako. Ukachomoa bobini, ukatoka.

Neno lile si langu. Niliwahi kulisikia likisemwa juu ya mtu mwingine, mimi nikiwa nimeketi papo hapo, nimenyamaza. Limelala ndani yangu miaka miwili, na leo limeamka likakupiga wewe.

Ilikuwa hivi. Mwaka uliofuata ule wa kupandisha bendera ya uhuru, mama mmoja Mzungu wa mashamba ya Likuyani alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao, na magurudumu yake matatu ya kusokotea hayakupata mnunuzi. Nani angenunua? Yakaletwa kwa chama chetu cha akina mama, kule ukumbini karibu na soko. Wanaume walikuwa wanachungulia dirishani wanatuona tunakanyaga, gurudumu linazunguka, na sisi tuko palepale. Wakayaita baiskeli zisizofika. Wakipita wanauliza, "Mama, leo umefika wapi?" Rebeka anawajibu bila kuinua kichwa, "Nimepita kwenu, nimekuta hujalima."

Mwalimu wetu alikuwa Salome, msichana wa Maragoli, mdogo kuliko mimi. Alituambia wiki nzima tukanyage tu, bila manyoya, miguu ijifunze kwanza. Mimi nikaona hiyo ni dharau. Nimezaa, nimelima, nimebeba kuni tangu nikiwa na meno ya utoto, leo nifundishwe kukanyaga kibao na msichana? Nikachukua manyoya siku ileile ya kwanza. Gurudumu likaenda mbele, likarudi nyuma, likaninyang'anya manyoya mkononi likayameza. Uzi ulikatika, nikaufunga, ukakatika. Pale ambapo haukukatika ulikuwa na vifundo kama goti la mzee. Nikaukaza kwa vidole vyote mpaka kucha zikawa nyeupe.

Rebeka alikuwa kwenye gurudumu la pili. Wiki nzima alikanyaga kama alivyoambiwa, huku anaongea habari za watu, na wiki ya pili aliposhika manyoya, uzi ukatoka kama maziwa ya ng'ombe aliyezoea mkono. Mguu haukukimbia, vidole havikukaza. Akanitazama akasema, "Mama Muhonja, huo uzi umekuibia nini? Unaukaba kama mwizi wa kuku. Uachie upumue."

Ukumbi wote ukacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu kiliishia kwenye meno.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Rebeka hakumaliza darasa la pili. Barua za mume wake nilikuwa namsomea mimi, na majibu nilikuwa namwandikia mimi, na nilizoea hivyo. Nilizoea yeye kuja kwangu na karatasi mkononi, anangoja nimwambie dunia inasema nini. Sasa mikono yake ikajua kitu kabla ya yangu, na sikujua mahali pa kuiweka aibu hiyo. Ungeniuliza wakati ule ningesema nampenda Rebeka. Na nilimpenda. Mambo haya mawili yalikuwa yanakula sahani moja.

Likaja gunia la kwanza la manyoya yetu. Kulikuwa na bwana mmoja wa serikali ambaye angekuja kuona kazi yetu, na tukishindwa, magurudumu yapelekwe chama kingine. Salome akatupa gunia, mimi na Rebeka, tulioshe, kwa kuwa tunapakana kwa ua na mto hauko mbali. Akatuambia mara mbili: maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, msisugue, loweka, bonyeza, toa.

Usiku ule mtoto wa Rebeka akashikwa na homa. Asubuhi kabla hajampeleka hospitali, akapitisha ile sufuria yake kubwa kwenye pengo la ua, ile ya karamu, akaniambia, "Ningoje, kesho tutafanya pamoja."

Sikumngoja. Nilitaka Salome aje akute nimefanya peke yangu. Yale manyoya yalikuwa na mafuta mengi na yananuka zizi, nikajiambia, mafuta yanatolewa na maji yanayochemka, nani hajui? Hata chungu cha nyama hakioshwi kwa maji ya mtoto. Nikachemsha. Nikakatia sabuni ya kipande. Nikakoroga kwa mwiko wa obusuma, ule wa kusongea ugali. Kisha nikayapeleka mtoni Isiukhu nikayakanyaga juu ya jiwe kama tunavyokanyaga mablanketi, na nilikuwa naimba. Wewe ulikuwa nami, ulikuwa unarusha vijiwe. Labda unakumbuka wimbo.

Kesho yake nilishika pembe moja nikainua, na yote yakainuka pamoja. Gunia zima lilikuwa limekuwa kitu kimoja, kigumu, kama mkeka wa mbwa. Manyoya ya kondoo ukiyachemsha na kuyakanyaga yanashikana, hayaachani tena. Ungeweza kukata soli za viatu. Nilivuta na meno, Muhonja. Nilikaa chini nikavuta na meno.

Nikaurudisha ule mkeka ndani ya sufuria nikaubeba mpaka ukumbini. Nilikuwa nimepanga kusema. Nakuapia, njia nzima nilikuwa napanga maneno. Salome akashika, akageuza, akauliza polepole, "Nani amepika manyoya haya?" Akina mama wakasogea. Mmoja akauliza, hiyo sufuria ni ya nani?

Nikasema, "Sufuria ni ya Rebeka."

Basi. Maneno manne, na yote ya kweli. Sikuongeza la tano. Wengine ndio walioongeza. Mmoja akasema Rebeka ana mdomo mwepesi kuliko akili. Mwingine akasema mtu ambaye hakusoma utampaje maagizo. Na wa tatu akasema, huyo kila anachogusa anaharibu. Mimi nikaketi nikatazama kucha zangu. Rebeka alikuwa bado hospitali, amembeba mtoto anayechemka mwili.

Jioni ile nilikula obusuma na mboga nikashiba. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilidhani nitashindwa kumeza.

Aliporudi ukumbini walikwisha kumwambia. Aliingia, akautazama ule mkeka, akaitazama sufuria yake, akanitazama mimi. Nilimngojea aseme. Ningekiri, nadhani. Angeniuliza tu ningekiri. Lakini hakuniuliza. Aliichukua sufuria yake akaipangusa kwa leso, nje na ndani, taratibu, kama mtu aliye peke yake jikoni, akaenda nayo. Hakurudi tena. Yule bwana akaja, akatuchukulia magurudumu mawili, na hili moja tukaachiwa kwa sababu Salome alimsihi. Ndiyo maana tunalipokezana, ndiyo maana liko kwetu mwezi huu.

Tangu siku hiyo mimi na yeye tukikutana njiani ni "Mulembe," na "Mulembe muno," na kila mtu na debe lake. Barua zake anasomewa na mtoto wa dukani. Kwa nini hakusema kitu, sijui. Wiki ya kwanza ningeweza kwenda. Ni hatua ishirini kutoka mlango wangu hadi wake, nimezihesabu. Kila wiki iliyopita hatua ziliongezeka na ua ni uleule.

Nilijifunza kusokota, ndiyo, umeona. Lakini nilijifunza kama kipofu anavyotafuta sindano. Kuna siku nilikuwa na bobini mbili nzuri, za kwanza kabisa, nikakaa kuziunganisha, nikazungusha upande uleule niliosokotea, na uzi wote ukajikunja ukawa nywele za kichaa. Nilirudia mara tatu. Nilililia gurudumu. Na mimi tangu nikiwa na miaka sita nyanya alinifundisha kusokota kamba ya mkonge juu ya paja: nyuzi mbili unazisukuma mbele, kila moja peke yake, halafu unazirudisha nyuma zote pamoja, ndipo zinashikana. Mbele, halafu nyuma. Paja langu lilikuwa linajua! Lakini nilifikiri gurudumu la Mzungu linajua lenyewe, nikaacha nyanya yangu mlangoni. Ilinichukua miezi mitatu kumkumbuka. Rebeka angenikumbusha siku ileile. Angenicheka kwanza, halafu angenikumbusha.

Sikuandikii haya ili uwe mtu mwema. Habari za wema utaambiwa na kila mtu huko, na wengine wana fimbo. Nakuandikia kwa sababu unaenda mahali ambapo utakuta msichana ambaye mikono yake inajua kabla ya yako, na wewe una alama nzuri kuliko zake. Au yeye ndiye ana alama, na wewe una mikono. Vyote viwili vitakuuma. Na siku moja mtu atauliza swali, na wewe utakuwa na neno moja dogo la kweli la kujifunika. Halitanuka uongo. Litakaa vizuri mdomoni. Sina dawa ya hiyo siku, mukhana wanje, binti yangu. Ningekuwa nayo ningejitibu. Ninachojua ni kwamba ni rahisi, kwamba unashiba jioni, na kwamba baada ya hapo huwezi tena kupita kwenye pengo la ua kuazima chumvi.

Na bado nina hasira na wewe, usifikiri imeisha. Nina hasira kwa sababu ulizungusha kushoto. Nina hasira kwa sababu nilikwambia chota maji na debe mpaka sasa ni tupu. Lakini kuna hasira nyingine, na hiyo nimeichunguza hapa nikiandika. Wewe umeharibu kitu, ukatukanwa, na badala ya kukificha chini ya kitanda umekibeba ulivyokiharibu, jua linawaka, watu wanaona, ukakipeleka kwa mtu anayejua. Umepita pengo lile bila hata kuinama. Nani alikufundisha? Si mimi. Miaka kumi na minne nakulea, na kitu hiki sikukupa, nimekikuta tu ndani yako, kama mtu anayekuta sarafu kwenye nguo aliyoifua mwenyewe. Inaudhi. Nikuambie ukweli, inaudhi, na nimefurahi.

Kesho utaenda huko kwenye baridi na utajua mambo ambayo mimi sitajua majina yake. Nataka uyajue. Nilikuzaa nikiwa mdogo kidogo tu kuliko huyu Salome, na watu walisema maisha yangu yamekwisha, na mimi nilikutazama nikaona ndiyo yanaanza. Bado naona hivyo. Hata ukienda na mkono mmoja na nusu. Ukiulizwa, waambie ni mtindo wa Kakamega.

Lakini nikimaliza ukurasa huu naenda. Nimeamua. Kuku atangoja. Nitapita pengo, na kama wewe uko hapo usikie, usikie tu, ni afadhali. Nitamwambia ni mimi niliyechemsha. Nitamwambia alinikopesha sufuria na mimi nikamlipa kwa

Ngoja. Kuna mtu anacheka huko nyuma ya ua, na si wewe.

Mnakuja wawili. Naona kitambaa chako, na nyuma yako naona ile sufuria, ile ya karamu, ameibeba kichwani, na bobini yangu ameishika mkononi kwa vidole viwili tu, vile anavyoshikanga. Ameinama, amepita pengo. Anaita tangu uani kama alivyokuwa anaitanga zamani, "Mama Muhonja! Teleka maji, huu uzi unataka kulowekwa kabla hatujaurudisha kulia. Na leo yasichemke."

Amesema yasichemke. Alijua, siku zote alijua, na amelisema mbele yako, na anacheka, na sasa yuko mlangoni anauliza maji yako wapi, na debe ni tupu kwa sababu yako, na mimi sijui kama nianze na maji au nianze na